CHAKULA NA DAWA VIKIKUTANA TUMBONI

Mtu akiumwa huenda zahanati. Hupimwa, hupewa dawa, kisha hurudi nyumbani. Siku zinapita naye hajapona. Majirani husema, "Dawa ile haina nguvu." Huenda ni kweli dawa ina kasoro. Lakini huenda pia dawa ni nzuri kabisa. Kilichoiharibu ni namna ilivyomezwa. Ilimezwa kwa chai, au kwa maziwa, au wakati tumbo ni tupu.

Zamani dawa zilikuwa chache vijijini. Siku hizi zimesogea karibu. Mwaka 2003 maduka ya dawa muhimu yalianza mkoani Ruvuma, na baadaye yakaenea katika mikoa mingine ya Tanzania. Hilo ni jambo jema. Lakini dawa ikiwa karibu, nasi hatuna budi kujua namna ya kuitumia.

Katika ukurasa huu tutazungumza juu ya vitu tunavyovijua sote: chai, maziwa, chumvi, magadi, viungo vya jikoni na vidonge. Tutaona jinsi vinavyosaidiana, na jinsi vinavyopingana.

NJIA NI MOJA

Kila tunachokula, tunachokunywa na tunachomeza hupita njia moja. Huingia mdomoni, huenda tumboni, kisha huingia katika utumbo mdogo. Huko ndiko mwili unakochagua. Kinachofaa huingia katika damu. Kisichofaa hutoka na choo.

Kidonge nacho hupita huko huko. Kidonge kingi ambacho hakikuingia katika damu hakiwezi kumponya mgonjwa wa malaria wala wa homa ya matumbo. Kimemezwa, lakini hakikufika kwenye kazi.

Vitu vingine vikikutana tumboni hushikana. Ni kama watu wawili waliokumbatiana mbele ya mlango mwembamba. Kila mmoja peke yake angepita. Wakiwa wamekumbatiana, hapiti hata mmoja. Vitu vingine hufunguliana mlango. Kimoja humsaidia mwenzake kuingia.

Hilo ndilo jambo la kushika. Mengine yote tutakayosema ni mifano yake.

CHAI NA DAMU

Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ina madini ya chuma ndani yake. Madini hayo huisaidia damu kubeba hewa safi na kuipeleka mwili mzima. Madini ya chuma yakipungua, damu hupungua nguvu. Mtu huchoka upesi, kichwa huzunguka, moyo hwenda mbio, viganja na midomo hupauka.

Mama mjamzito anahitaji madini hayo kuliko watu wengine, kwa sababu analisha watu wawili. Akipungukiwa na damu, mtoto anaweza kuzaliwa na uzito mdogo. Mama mwenyewe akitokwa na damu wakati wa kujifungua, hana akiba. Wanawake wengi wamepoteza maisha kwa njia hiyo. Kwa hiyo jambo hili si dogo.

Madini ya chuma yanapatikana wapi? Yamo katika nyama, maini, samaki na dagaa. Yamo pia katika maharage, kunde, choroko na mboga za majani. Madini yaliyo katika nyama na samaki huingia mwilini kwa urahisi. Yale ya maharage na mboga huingia kwa shida. Yanahitaji msaada.

Sasa tazama chai. Majani ya chai yana kitu kinachoufanya ulimi uhisi ukakasi. Kitu hicho hushika madini ya chuma na kuyazuia yasiingie katika damu. Mtu akila maharage na mboga, na hapo hapo akanywa chai kali, anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya madini ambayo angeyapata. Kahawa nayo huzuia. Kuongeza sukari katika chai hakuondoi tatizo hilo.

Je, tuache chai? Hapana. Chai ina wakati wake. Kula kwanza. Subiri saa moja au mbili, ndipo unywe chai yako. Watoto wadogo wasipewe chai pamoja na chakula. Wapewe uji, maziwa au maji safi.

Na nani hufungua mlango? Ni matunda kama machungwa, malimau, machenza, na pia mapera, mapapai na ubuyu. Matunda haya yana vitamini C. Vitamini hiyo huyasaidia madini ya chuma ya mboga na maharage kuingia katika damu. Kamulia limau juu ya mboga iliyokwisha kuiva, au kula chungwa pamoja na mlo. Usilipike limau kwa muda mrefu, maana moto huharibu vitamini C.

Hayo yanahusu pia vidonge vya kuongeza damu ambavyo mama mjamzito hupewa kliniki. Avimeze kwa maji, au kwa maji ya machungwa. Asivimeze kwa chai, kahawa wala maziwa. Vidonge hivi hufanya choo kiwe cheusi. Akina mama wengine huogopa na kuviacha. Weusi huo ni madini tu yanayotoka, wala si ugonjwa. Kama vinachafua tumbo, mama avimeze baada ya chakula au wakati wa kulala, na amweleze muuguzi. Asivifiche chini ya godoro.

DAWA MSETO HAIPENDI TUMBO TUPU

Watu wazima wanaikumbuka klorokwini. Hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya malaria kwa miaka mingi. Vijidudu vya malaria viliizoea, ikashindwa. Mwaka 2001 Tanzania ilianza kutumia SP mahali pake. Nayo ikaanza kushindwa. Mwishoni mwa mwaka 2006 ikaingia dawa mseto, ambayo wengi huiita ALu.

Inaitwa mseto kwa sababu ni dawa mbili katika kidonge kimoja. Ya kwanza huua vijidudu kwa haraka, lakini haikai sana mwilini. Ya pili hwenda polepole na hukaa siku nyingi. Kazi yake ni kumaliza vijidudu vilivyobaki.

Dawa hiyo ya pili haiyeyuki vizuri katika maji. Inahitaji mafuta. Mgonjwa akiimeza wakati tumbo ni tupu, sehemu kubwa hupita bila kuingia katika damu. Homa hushuka, kwa sababu dawa ya kwanza imefanya kazi yake. Mgonjwa hufurahi. Lakini vijidudu vilivyobaki huzaliana tena, na baada ya wiki chache malaria hurudi. Hapo ndipo watu husema, "Dawa mseto haifai."

Mafuta yanayohitajika si mengi. Kikombe cha maziwa kinatosha. Uji wenye karanga zilizotwangwa unafaa. Parachichi linafaa. Chakula cha kawaida kilichoungwa kwa mafuta au nazi kinafaa. Mama anayenyonyesha ampe mtoto titi baada ya dawa. Kama mgonjwa hawezi kula, anywe hata maziwa kidogo, kisha ameze dawa. Asiiache dawa kwa sababu hana hamu ya chakula.

Mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi humeza vidonge 4 kila mara. Anaanza na vinne. Baada ya saa 8 anameza vinne vingine. Siku ya pili anameza vinne asubuhi na vinne jioni. Siku ya tatu hufanya hivyo hivyo. Jumla ni vidonge 24. Mtoto hupewa kwa uzito wake, kama alivyoelekeza mhudumu wa afya. Akitapika kabla ya saa moja kwisha, arudiwe dozi hiyo, kisha mzazi aende kituoni kupata vidonge vya kujazia.

Vidonge visigawanywe kwa jirani, wala visibakizwe kwa ajili ya homa ya mwezi ujao. Na kabla ya yote, mgonjwa apimwe damu. Si kila homa ni malaria.

MAZIWA NI RAFIKI, LAKINI SI KWA KILA DAWA

Tumeona kwamba maziwa husaidia dawa mseto. Mtu anaweza kusema, "Basi nitameza dawa zote kwa maziwa." Hilo lingekuwa kosa.

Maziwa yana madini ya kalsiamu. Madini hayo hujenga mifupa na meno. Lakini ziko dawa ambazo hukumbatiana nayo mlangoni. Mojawapo ni tetrasaiklini. Nyingine ni siprofloksasini, ambayo hutumika kwa magonjwa kadhaa yanayoletwa na bakteria. Mtu akizimeza kwa maziwa, nguvu za dawa hupungua. Bakteria hawafi wote. Wale wanaobaki huzaliana, na huenda wakawa wagumu zaidi kuliko wale wa kwanza.

Dawa za kiungulia zinazotafunwa, pamoja na vidonge vya kuongeza damu, huzizuia dawa hizo vile vile. Kwa hiyo dawa kama hizo zimezwe kwa maji. Maziwa yasubiri saa mbili.

Tetrasaiklini ina jambo jingine. Isipewe mama mjamzito wala mtoto mdogo, maana huharibu rangi ya meno yanayoota. Watu wengine hununua vidonge vya rangi mbili kila wanapoumwa tumbo au kukohoa, bila kupimwa. Wengine hufungua kidonge na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Tuache desturi hizo. Tukizizoesha dawa kwa bakteria leo, kesho mtoto wetu ataugua na dawa haitamfaa.

CHUMVI, MAGADI NA PRESHA

Presha ni nguvu ya damu inavyosukuma mishipa. Ikizidi kwa muda mrefu, mishipa huchoka. Moyo hupanuka, figo huharibika, na mshipa wa kichwani unaweza kupasuka au kuziba. Mtu hupooza upande mmoja ghafla. Presha ya juu mara nyingi haiumi. Mtu anaweza kulima, kucheka na kwenda sokoni huku presha imepanda. Dawa ya kuijua ni kupima. Ikionekana mara kwa mara kuwa 140 kwa 90 au zaidi, mgonjwa anahitaji msaada wa mganga.

Chumvi nyingi hupandisha presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Hicho ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, bila kilima. Ni chumvi yote ya siku nzima, pamoja na ile iliyo ndani ya mkate, samaki wa chumvi na vidonge vya kuungia mchuzi. Anayenyunyiza chumvi mezani kabla hajaonja chakula hawezi kujua amekula kiasi gani.

Magadi nayo yahesabiwe. Watu wengi huyatia katika makande, maharage na mlenda ili viive upesi na viwe laini. Ndani ya magadi imo sodiamu, ile ile iliyo katika chumvi na inayopandisha presha. Tena magadi huharibu baadhi ya vitamini za mboga. Njia bora ni kuloweka maharage na mahindi usiku kucha. Yataiva upesi, na kuni zitapungua.

Lakini tusiikimbie chumvi kabisa. Chumvi iliyotiwa madini joto hutukinga na rovu, yaani tezi la shingo. Hulinda pia akili ya mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo tutumie chumvi yenye madini joto, kidogo tu. Tuihifadhi katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua, moshi na unyevu. Tuitie chakula kinapokaribia kuiva, ili madini yasipotee.

Mwenye presha aliyepewa vidonge avimeze kila siku, hata anapojisikia mzima. Anajisikia mzima kwa sababu vidonge vinafanya kazi. Akiviacha, presha hupanda tena kimya kimya.

VIUNGO VYA JIKONI

Chakula chenye chumvi kidogo si lazima kiwe chapwa. Hapo ndipo viungo vinapotufaa. Limau, nyanya, kitunguu maji, kitunguu saumu, tangawizi, bizari na pilipili huleta ladha. Mpishi apunguze chumvi kidogo kidogo kila wiki. Ulimi utazoea.

Viungo vingine vina kazi ya dawa pia. Tangawizi hutuliza kichefuchefu, hata kile cha asubuhi cha mama mjamzito. Mafuta ya karafuu hutuliza jino linalouma. Watu wa Unguja na Pemba wanajua hilo tangu zamani, nao waganga wa meno hutumia kitu kilichomo katika karafuu. Lakini karafuu hunyamazisha maumivu tu. Jino bovu linabaki bovu, hivyo mgonjwa aende kwa mganga wa meno. Na mafuta hayo ni makali. Huunguza fizi, na yakimezwa na mtoto ni hatari.

Kitunguu saumu kinafaa katika mchuzi. Lakini mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande asile vitunguu saumu vingi kama dawa, maana anaweza kutokwa na damu kwa urahisi. Mdalasini ni mtamu katika uji, lakini haushiki nafasi ya dawa ya kisukari. Kiungo kiwe kiungo. Kisimwachishe mgonjwa dawa yake.

Je, dawa za miti hazifai? Tusiseme hivyo. Kwinini ilitoka katika gome la mti wa Amerika ya Kusini. Na ile dawa ya kwanza ndani ya dawa mseto asili yake ni mmea wa atemisia. Mtaalamu wa China aitwaye Tu Youyou aliongoza kazi ya kuitoa dawa hiyo katika mmea huo miaka ya 1970, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini kuna tofauti kati ya jani na kidonge. Kidonge kina kipimo kinachojulikana. Jani halina. Jani la shamba moja linaweza kuwa na dawa nyingi, na la shamba jingine kidogo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halikubali watu watibu malaria kwa kunywa chai ya atemisia. Dawa ikiwa pungufu, vijidudu huizoea. Ikizidi, hudhuru. Hata mafuta ya mwarobaini, ambayo watu wengi huyasifu, yamewahi kuwadhuru watoto wachanga walionyweshwa.

Kwa hiyo ukienda zahanati, sema yote unayotumia: vidonge ulivyonunua dukani, mizizi uliyochemsha, na unga uliopewa. Usione haya. Mficha maradhi kilio humuumbua.

DAWA ZA MAUMIVU

Dawa za maumivu hupatikana hata katika duka la sabuni na sukari. Kwa hiyo watu huziona kama pipi. Si pipi.

Parasetamo ni dawa nzuri ikitumiwa kwa kipimo. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 katika saa 24. Kati ya dozi moja na nyingine zipite saa 4 au zaidi. Ikizidi, huharibu ini. Hatari yake ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kujiona hana neno, kumbe ini linaharibika. Tena parasetamo imo ndani ya dawa nyingi za mafua na za maumivu zenye majina mengine. Mtu anaweza kuimeza mara mbili bila kujua. Tusome maandishi ya pakiti. Hiyo ni faida mojawapo ya kujua kusoma.

Diklofenaki na ibuprofeni huumiza tumbo, hasa zikimezwa kila siku. Zinaweza kuleta vidonda, kuharibu figo na kupandisha presha. Mkulima anayeumwa mgongo kila msimu asizifanye chakula. Zimezwe baada ya kula, kwa siku chache, na mwenye presha, vidonda vya tumbo au ujauzito aulize kwanza.

Pombe na dawa havipatani. Mnywaji wa kila siku huhatarisha ini lake akimeza parasetamo nyingi. Piritoni huleta usingizi, na pombe huuzidisha. Mtu wa namna hiyo asipande baiskeli wala pikipiki.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Mwaka 1973 wananchi wa Tanzania walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Walichimba vyoo na walizungumza juu ya vyakula bora. Waliyatenda waliyoyasoma. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa haya machache:

1. Meza dawa kwa maji safi, isipokuwa umeelekezwa vingine.

2. Uliza kila unapopewa dawa: Niimeze kabla ya kula au baada ya kula? Ni kitu gani nisile pamoja nayo?

3. Dawa mseto na chakula chenye mafuta. Vidonge vya damu na chungwa. Chai baadaye.

4. Chumvi kidogo, yenye madini joto. Magadi tuyapunguze.

5. Maliza dozi. Usimpe mwingine dawa yako.

6. Weka dawa mbali na watoto, jua na unyevu. Dawa iliyopita tarehe yake isitumike.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba zetu chai hunywewa wakati gani? Tunaweza kubadili nini?

2. Ni matunda gani yenye vitamini C yanayopatikana kijijini kwetu msimu huu?

3. Mgonjwa wa malaria hana hamu ya kula. Tutampa nini pamoja na dawa mseto?

4. Nyumba yako hutumia pakiti ya chumvi kwa siku ngapi? Gawanya uzito wake kwa siku hizo, kisha gawanya kwa idadi ya watu. Kila mtu anakula gramu ngapi kwa siku? Je, ni zaidi ya 5?

5. Nani katika kikundi hiki amepima presha mwaka huu? Wasiopima watakwenda siku gani?